Ushuru uliokaribia kuipasua Marekani: nani alilipa, nani alifaidi

Tangu Aprili 2025, Rais Donald Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 10 au zaidi kwa bidhaa za karibu kila nchi, Kenya na Tanzania zikiwemo, mabishano ya mitandaoni yamejaa historia ya nusunusu. Mmoja anadai Marekani ilijengwa kwa ushuru. Mwingine anadai ushuru ndio ulioleta vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861, na kwamba suala la utumwa lilipachikwa baadaye. Wa tatu anashikilia kuwa ushuru hulipwa na nchi inayouza, kwa hiyo raia wa nchi inayotoza hana la kulalamikia.

Madai yote matatu yanakutana katika kipindi kimoja, kuanzia mwaka 1816 hadi 1833. Ndani ya miaka hiyo Marekani ilipandisha ushuru hatua kwa hatua, mpaka jimbo la South Carolina likatangaza kwamba sheria za ushuru za serikali kuu ni batili ndani ya mipaka yake, na rais akajibu kwa kuandaa jeshi. Anayetaka kubishana kuhusu ushuru wa leo kwa kutumia historia, aanzie hapo.

Ushuru wa forodha ni kodi inayotozwa bidhaa inapoingia nchini. Anayesimama dirishani na kuilipa ni mwagizaji: mfanyabiashara wa New York au Charleston, si mwenye kiwanda wa Manchester. Baada ya hapo mzigo huo husukumwa huku na huku. Mwagizaji ataongeza bei kwa mnunuzi kadiri soko litakavyokubali. Muuzaji wa ng'ambo naye huenda akashusha bei yake kidogo ili asipoteze mteja. Kwa kawaida wote wawili huumia, ila kwa viwango tofauti, na kiwango cha kila mmoja hutegemea nani anamhitaji mwenzake zaidi.

Ushuru una kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuingiza mapato serikalini. Ya pili ni kulinda viwanda vya ndani kwa kufanya bidhaa ya nje iwe ghali. Kazi hizi mbili zinapingana. Ushuru unaolinda kikamilifu hauingizi hata senti, kwa sababu hakuna mzigo unaovuka forodha. Na ushuru unaoingiza mapato mengi unahitaji bidhaa za nje ziendelee kumiminika. Mwanasiasa anayeahidi vyote viwili kwa pamoja anaahidi kula keki ambayo bado anaiuza.

Kuna pia njia mbili za kutoza. Ya kwanza ni asilimia ya thamani iliyoandikwa kwenye ankara. Ya pili ni kiasi maalumu kwa kipimo: senti kadhaa kwa ratili, kwa yadi au kwa galoni. Tofauti hii inaonekana ya kikarani tu, lakini ndimo ilimofichwa nusu ya ugomvi wote.

Serikali kuu ya Marekani haikutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi hadi mwaka 1861. Kabla ya hapo iliishi kwa forodha, ikiongezewa na mauzo ya ardhi ya umma. Katiba iliipa Kongresi mamlaka ya kutoza bidhaa zinazoingia, lakini ikapiga marufuku kutoza zinazotoka. Marufuku hiyo iliwekwa mwaka 1787 kwa shinikizo la majimbo ya Kusini, yaliyoishi kwa kuuza mazao nje: tumbaku, mchele, nili, na baadaye pamba. Sheria ya kwanza ya ushuru, ya Julai 1789, ilitoza bidhaa nyingi asilimia 5 tu. Wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba chombo hicho kingekuja kuwa hoja ya kuvunja muungano.

Senti 25 ambazo hazikuwepo

Vita dhidi ya Uingereza vya 1812 hadi 1815 vilikata biashara ya bahari. Bidhaa za Uingereza zilipoadimika, viwanda vya nguo vikachipuka New England, yaani majimbo ya kona ya kaskazini-mashariki, hasa Massachusetts, ambako kampuni ya Francis Cabot Lowell na wenzake ilijenga kiwanda huko Waltham kilichosokota uzi na kufuma kitambaa chini ya paa moja. Amani iliporudi, Waingereza wakamwaga shehena za nguo katika bandari za Marekani kwa bei ya kutupa, na viwanda vidogo vingi vikafungwa.

Ushuru wa 1816 ulitungwa katika hali hiyo. Kwa nguo za pamba na sufu ulikuwa karibu asilimia 25. Ukisoma hapo tu utasema ni ushuru wa wastani. Lakini ndani yake kilitiwa kifungu ambacho Lowell mwenyewe alikwenda Washington kukipigania: kitambaa chochote cha pamba chenye thamani iliyo chini ya senti 25 kwa yadi ya mraba kitahesabiwa kana kwamba thamani yake ni senti 25.

Fanya hesabu. Kitambaa cha senti 25 kinatozwa robo yake, yaani senti 6.25. Kitambaa hafifu kutoka India, kilichonunuliwa kwa senti 10, nacho kinatozwa senti 6.25 zilezile, kwa sababu forodha inajifanya kwamba kimenunuliwa kwa senti 25. Kiwango halisi kimekuwa asilimia 62.5. Kadiri kitambaa kilivyo cha bei ya chini, ndivyo ushuru unavyopanda. Aliyeumia zaidi ni mnunuzi wa nguo duni.

Kiwango hicho cha chini kabisa kilipandishwa hadi senti 30 mwaka 1824, kisha senti 35 mwaka 1828. Wakati huohuo mashine zilikuwa zinashusha gharama, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1820 kitambaa kizito cha Massachusetts kilikuwa kikiuzwa chini ya senti 10 kwa yadi. Ushuru wa senti 8.75 juu ya kitambaa cha namna hiyo ni kufunga mlango kabisa.

Je, viwanda hivyo bado vilihitaji ukuta? Jibu moja limo katika historia ya pwani yetu. Kitambaa hichohicho kizito kisichopaushwa, kikiletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndicho merikani iliyotawala soko la Zanzibar na njia za misafara kwenda bara. Tarehe 21 Septemba 1833 Marekani ilisaini mkataba na Sayyid Said bin Sultan ulioweka ushuru wa asilimia 5 tu kwa shehena za Wamarekani zinazoshushwa katika nchi zake. Zanzibar hakukuwa na ukuta wowote wa kuilinda merikani, na bado ilivisukuma kando vitambaa vya India na vya Uingereza. Bidhaa inayoshinda ugenini bila ulinzi haiwezi kudai kwamba nyumbani itakufa bila ulinzi. Kwa nguo nzito, angalau, ushuru ulikuwa umekwisha kuwa zawadi.

Hayo hayaondoi ukweli kwamba miaka ya mwanzo, mara baada ya vita, ulinzi ulivisaidia viwanda hivyo kupumua. Anayesema Marekani ilijengwa kwa ushuru ana haki ya kipande hicho. Asisahau tu mashine, mito ya kuziendesha, soko la ndani lililokua kwa kasi, na pamba rahisi iliyolimwa na watumwa.

Si Kaskazini dhidi ya Kusini pekee

Kosa la pili la wabishani ni kuchora mstari mmoja: Kaskazini ya viwanda inataka ushuru, Kusini ya mashamba inaukataa. Ramani halisi ilikuwa na viraka vingi.

Pennsylvania ilitaka ushuru wa chuma. Ohio, Vermont na mashamba ya New York yalifuga kondoo, kwa hiyo yalitaka sufu ghafi ya nje izuiwe. Lakini wenye viwanda vya sufu wa New England walitaka sufu ghafi iingie kwa bei nafuu, na nguo za sufu ndizo zizuiwe. Hapo tayari kuna ugomvi ndani ya kambi moja ya Kaskazini. Kentucky, jimbo la watumwa, lililima katani, ambayo ilitengenezewa kamba na magunia ya kufungia marobota ya pamba. Mwakilishi wake mashuhuri, Henry Clay, naye akiwa na watumwa, ndiye aliyekuwa bingwa wa mpango ulioitwa Mfumo wa Kimarekani: ushuru wa kulinda viwanda, benki ya taifa, na barabara na mifereji kwa fedha za serikali kuu. Wakulima wa miwa wa Louisiana, Kusini kabisa, waliutetea ushuru wa sukari kwa nguvu zao zote. Kwa upande mwingine, wenye meli wa Boston na Salem waliuogopa ushuru. Meli inahitaji kamba za katani na misumari ya chuma, na viwanda vya ramu vya New England vilitegemea molasi kutoka visiwa vya Karibi.

Kwa hiyo mkulima wa pamba wa South Carolina alipigwa mara mbili na mwenzake wa Kentucky: alivaa nguo ghali, na hata gunia la kufungia zao lake lilikuwa ghali.

Wanasiasa walibadilika kadiri majimbo yao yalivyobadilika. John C. Calhoun wa South Carolina aliuunga mkono ushuru wa 1816. Miaka 12 baadaye akawa adui wake mkubwa. Daniel Webster wa Massachusetts alitoa hotuba nzito dhidi ya ushuru wa 1824, uliopita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 107 dhidi ya 102. Mwaka 1828 Webster akapiga kura ya ndiyo kwa ushuru mkubwa zaidi. Kati ya tarehe hizo mbili, mitaji ya Boston ilikuwa imehama kutoka kwenye meli kwenda kwenye viwanda.

Mtego wa 1828

Ushuru wa 1828, ambao wapinzani wake waliubandika jina la Ushuru wa Machukizo, ulitokana na hila iliyomgeukia mwenyewe.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi kati ya Rais John Quincy Adams na Andrew Jackson. Watu wa Jackson, chini ya uongozi wa Martin Van Buren wa New York, walishika kamati iliyoandika muswada. Walihitaji kura za Pennsylvania, Ohio na Kentucky, hivyo wakapandisha ushuru wa malighafi za majimbo hayo: chuma, katani, sufu ghafi. Molasi ikapandishwa kutoka senti 5 hadi senti 10 kwa galoni, pigo la moja kwa moja kwa New England. Wabunge wa Kusini nao wakapiga kura kuzuia kila marekebisho ya kuulainisha. Hesabu yao ilikuwa hivi: muswada ukibaki mchungu vya kutosha, New England itaukataa, Kusini itaukataa, nao utakufa bila Jackson kulaumiwa.

Haukufa. Seneti ilipandisha kidogo ushuru wa nguo za sufu, na hapo baadhi ya wabunge wa New England wakaona bora kumeza molasi chungu kuliko kukosa ulinzi wa sufu. Muswada ukapita kwa kura 105 dhidi ya 94 katika Baraza la Wawakilishi na 26 dhidi ya 21 katika Seneti. Adams aliusaini tarehe 19 Mei 1828. John Randolph wa Virginia alikejeli kwamba kitu pekee ambacho sheria hiyo ilikusudia kukitengeneza ni rais mpya.

Nguo za sufu ndizo zinazoonyesha vizuri jinsi sheria ya aina hii inavyoharibika inapofika bandarini. Thamani zilipangwa kwa ngazi. Kitambaa chenye thamani kati ya senti 50 na dola 1 kwa yadi ya mraba kilihesabiwa kuwa cha dola 1. Kilichozidi dola 1 hadi dola 2.50 kilihesabiwa kuwa cha dola 2.50. Ushuru ulikuwa asilimia 40 mwaka wa kwanza, kisha 45. Sasa chukua kitambaa cha dola 1.05. Kinapanda ngazi hadi dola 2.50, na ushuru wake ni dola 1.125, yaani zaidi ya thamani ya kitambaa chenyewe. Lakini ankara ikisomeka senti 99, ushuru unashuka hadi senti 45. Senti 6 za uongo kwenye karatasi zinaokoa zaidi ya senti 67 kwa kila yadi. Ofisa forodha angehitaji kuwa fundi wa sufu ili kumkamata aliyedanganya, na mwagizaji mwaminifu akajikuta anashindana na wenye ankara za kutunga.

Marobota 40

Kufikia mwaka 1830 wastani wa ushuru kwa bidhaa zilizotozwa ulikuwa umezidi asilimia 60. Mbunge George McDuffie wa South Carolina akatoa hesabu iliyopendwa sana vijijini: kati ya kila marobota 100 ya pamba unayolima, 40 yanachukuliwa na ushuru.

Kama hesabu, haisimami. Ilichukulia kwamba mkulima anatumia mapato yake yote kununua bidhaa za nje zilizotozwa asilimia 40, na kwamba mzigo wote unamwangukia yeye. Ukweli ni kwamba alinunua nyumbu na nyama ya nguruwe kutoka Kentucky na Tennessee, na sehemu ya mzigo iliwaangukia wanunuzi wa majimbo yote pamoja na Waingereza wenyewe.

Hata hivyo hesabu hiyo ilikuwa na kiini cha kweli ambacho wapinzani wa McDuffie hawakupenda kukigusa. Mfikirie mfanyabiashara wa Pemba anayepeleka karafuu Mombasa na kurudi na magunia ya mchele. Ukimtoza kwenye karafuu wakati wa kwenda, au ukimtoza kwenye mchele wakati wa kurudi, mfuko unaopungua ni uleule. Pamba ya Marekani ilikwenda Liverpool, na thamani yake ikarudi kama nguo, chuma na vyombo. Muingereza aliyezuiwa kuuza nguo zake Marekani alibaki na fedha kidogo za kununulia pamba. Katiba ilikataza kutoza bidhaa zinazotoka, lakini ushuru mkubwa kwa zinazoingia ulipitia mlango wa nyuma na kuwatoza wakulima walewale wanaouza mazao nje, ambao katiba ilitaka kuwalinda.

Kilichowapunguzia wakulima hao maumivu ni kwamba viwanda vya Uingereza vilitegemea mno pamba ya Marekani, hivyo sehemu ya mzigo iliweza kusukumwa Lancashire, eneo la viwanda vya nguo huko Uingereza. Na kilichowaongezea maumivu hakikuwa ushuru kabisa. Bei ya pamba, iliyokuwa karibu senti 30 kwa ratili mwaka 1818, ilianguka hadi senti 9 au 10 kufikia 1827, kwa sababu ardhi mpya yenye rutuba ya Alabama na Mississippi ilifurika soko. Udongo wa South Carolina ulikuwa umechoka na hauwezi kushindana. Wakulima wengi walihama na watumwa wao kwenda magharibi. Waliobaki walitafuta wa kumlaumu. Washington ilikuwa karibu zaidi kuliko Alabama.

Kwa nini South Carolina peke yake?

Hili ndilo swali ambalo nadharia ya ushuru peke yake haiwezi kulijibu. Alabama, Mississippi na Georgia zilikuza pamba na kulipa ushuru uleule. Zote zililalamika, hakuna hata moja iliyobatilisha.

Angalia idadi ya watu. Katika sensa ya 1830 South Carolina ilikuwa na wakazi 581,185, na kati yao 315,401 walikuwa watumwa. Wengi wa jimbo walikuwa mali ya wachache, na hao wachache waliishi na hofu. Mwaka 1822 Denmark Vesey, mtu mweusi huru aliyekuwa seremala mjini Charleston, alinyongwa pamoja na wenzake kwa tuhuma za kupanga uasi wa watumwa. Mwaka huohuo jimbo lilipitisha sheria ya kuwafunga mabaharia weusi walio huru muda wote meli zao zinapokuwa bandarini. Jaji wa serikali kuu William Johnson alitamka mwaka 1823 kwamba sheria hiyo inakiuka katiba. Jimbo likaendelea kuwafunga mabaharia kana kwamba hakusema kitu. Yaani South Carolina ilishaanza kuidharau sheria ya serikali kuu miaka kadhaa kabla ya Ushuru wa Machukizo, na jambo lililoisukuma halikuwa bei ya nguo.

Calhoun, aliyeandika kwa siri hati ya kuupinga ushuru mwaka 1828 huku akiwa makamu wa rais, alilikiri hilo kwa rafiki yake katika barua ya Septemba 1830: ushuru ni chokochoko tu, chanzo halisi cha mvutano ni utaratibu wa pekee wa nyumbani wa majimbo ya Kusini. Kila msomaji wa siku hizo alijua utaratibu huo ni utumwa. Hoja yenyewe inaeleweka kirahisi. Kama wengi katika Kongresi wanaweza kuitumia katiba kuhamisha mali kutoka sehemu moja ya nchi kwenda nyingine, kesho nini kitawazuia kugusa watumwa? Ushuru ulikuwa uwanja mzuri wa kujaribu ngao, kwa sababu ungeweza kupiganiwa bila kulitaja neno lenyewe mbele ya dunia.

Ngao hiyo ndiyo nadharia ya ubatilishaji. Kwa mujibu wa Calhoun, muungano ni mkataba kati ya majimbo. Jimbo linaloona sheria imevuka katiba liitishe mkutano maalumu wa wananchi na kuitangaza kuwa batili ndani ya mipaka yake. Sheria itasimama hapo hadi robo tatu ya majimbo yote ziridhie marekebisho ya katiba yanayoipa serikali kuu mamlaka hayo waziwazi. Zikiridhia, jimbo litachagua kutii au kuondoka. Kwa maneno mengine, zaidi kidogo ya robo ya majimbo yangeweza kuzizuia zilizobaki. James Madison, ambaye mkono wake ulikuwa katika katiba yenyewe na ambaye bado alikuwa hai, aliikataa tafsiri hiyo.

Hati za dhamana, meli na sherifu

Sheria ya Julai 1832 ilipunguza ushuru kiasi. Nguo duni za sufu, za aina waliyovalishwa watumwa, zilishushwa hadi asilimia 5, ishara ya wazi ya kuwabembeleza wenye mashamba. Ulinzi wa viwanda ulibaki. Tarehe 24 Novemba 1832 mkutano maalumu uliokaa Columbia, mji mkuu wa South Carolina, ulipiga kura 136 dhidi ya 26 kutangaza kwamba sheria za 1828 na 1832 ni batili, na kwamba hakuna ushuru utakaokusanywa ndani ya jimbo baada ya tarehe 1 Februari 1833. Serikali kuu ikitumia nguvu, jimbo litajitenga.

Wabatilishaji hawakutaka kurusha risasi, walitaka kesi. Kwa utaratibu wa siku hizo mwagizaji hakulipa ushuru papo hapo. Alisaini hati ya dhamana na kulipa baada ya miezi kadhaa. Mpango ulikuwa achukue mzigo wake, kisha akatae kulipa dhamana, na shauri lifikishwe mbele ya baraza la wazee wa mahakama wa Charleston, ambao bila shaka wangempa haki. Forodha ikiuzuia mzigo, mwenye mzigo angekimbilia mahakama ya jimbo apewe amri ya kurudishiwa, na sherifu angekamata mali binafsi ya ofisa forodha aliyekaidi.

Jackson, ambaye sasa ndiye alikuwa rais, mwenyewe mzaliwa wa mpakani mwa North Carolina na South Carolina na mwenye watumwa, alijibu kwa tangazo la tarehe 10 Desemba: hakuna jimbo lenye haki ya kufuta sheria ya muungano, na kujitenga kwa silaha ni uhaini. Jenerali Winfield Scott alitumwa kuimarisha ngome za Charleston. Lakini dawa hasa ya Jackson ilikuwa ya kikarani kama mpango wa wapinzani wake: aliomba Kongresi imruhusu kudai ushuru kwa fedha taslimu badala ya dhamana, na kuhamishia forodha kwenye ngome au kwenye meli iliyotia nanga, mahali ambapo sherifu hafiki. Sheria hiyo, iliyojulikana kama Sheria ya Nguvu, ilipita katika Seneti kwa kura 32 dhidi ya 1. John Tyler, seneta wa Virginia, ndiye pekee aliyepiga kura ya hapana, wapinzani wengine wakiwa wametoka ukumbini.

Majimbo mengine ya Kusini hayakujitokeza kusaidia, na ndani ya South Carolina kwenyewe kulikuwa na kundi kubwa la watetezi wa muungano. Jimbo likaahirisha tarehe yake ya Februari. Clay, akishirikiana na Calhoun ambaye sasa alikuwa amejiuzulu umakamu na kuingia Seneti, alileta mwafaka. Jackson alisaini mwafaka huo na Sheria ya Nguvu siku moja, tarehe 2 Machi 1833.

Mwafaka uliagiza kwamba ushuru wowote uliozidi asilimia 20 upunguzwe hadi kufikia hapo, lakini polepole. Tuseme bidhaa ilitozwa asilimia 50. Ziada ni 30, na sehemu ya kumi ya ziada ni 3. Sehemu hiyo moja iliondolewa mwanzoni mwa 1834, nyingine 1836, nyingine 1838, nyingine 1840: kutoka 50 hadi 47, 44, 41, kisha 38. Ziada iliyobaki, 18, iligawanywa mara mbili: nusu iondoke mwanzoni mwa 1842, na nusu Julai mwaka huohuo. Kwa miaka minane viwanda vilipoteza pointi 12, na pointi 18 zikaangushwa ndani ya miezi sita. Wenye viwanda walipewa muda, Kusini ikapewa ahadi. Asilimia 20 ilianza Julai 1842. Tarehe 30 Agosti 1842 Kongresi ikapitisha sheria mpya iliyopandisha ushuru tena. Ahadi iliyosubiriwa miaka tisa ilidumu miezi miwili.

South Carolina ilifuta azimio lake la ubatilishaji katikati ya Machi 1833, na siku chache baadaye, ili isionekane imesalimu amri, ikabatilisha Sheria ya Nguvu, ambayo wakati huo haikuwa na kazi tena.

Na vita vya 1861?

Hapa ndipo dai la pili linapovunjika. Ushuru ulishushwa mwaka 1846 na kushushwa tena mwaka 1857, safari hii kwa kura nyingi za Kusini. Majimbo ya Kusini yalipoanza kujitenga mwishoni mwa 1860, bidhaa nyingi zilitozwa chini ya kiwango cha asilimia 20 ambacho South Carolina iliridhika nacho mwaka 1833. Tamko la South Carolina la Desemba 1860 la kueleza sababu za kujitenga halitaji ushuru hata mara moja. Linazungumzia watumwa waliotoroka na kutorudishwa, na kuchaguliwa kwa rais mwenye uadui na utumwa. Tamko la Georgia linautaja ulinzi wa viwanda, lakini kama ugomvi uliokwisha kumalizwa mwaka 1846.

Wanaoendelea kushikilia nadharia ya ushuru huitaja Sheria ya Morrill, iliyoupandisha tena. Ni kweli ilipandisha. Ila tarehe zake zinawakana: Rais James Buchanan aliisaini tarehe 2 Machi 1861, majimbo saba yakiwa yameshatangaza kujitenga, nayo ilipata nafasi ya kupita Seneti kwa sababu maseneta wengi wa majimbo hayo, ambao kura zao zingetosha kuizuia, walikuwa wameshafunga mizigo na kurudi kwao.